Kilo Tano za Upande wa Kushoto

…elfu kumi na tano, anasema rafiki yangu Triza, elfu kumi na tano mnataka kumpokonya mtu na mikono yake bado haijapoa, na ananielekezea kidole mimi niliyekaa kwenye kiti cha plastiki, mkanda nimeulegeza, chaki imetapakaa mapajani, sijasema neno, na kunyamaza kwangu kumewatia watu wasiwasi kuliko kelele zake, nawaona wakinitupia jicho, Kaluki wa viazi, Kaluki wa Muthurwa, yule ambaye hachokozwi mara mbili, leo amekaa tu kama kuku aliyenyeshewa, na Chege mwenye jimu, ambaye leo ndiye refa na ndiye mshika zawadi na ndiye mpakiaji wa vyuma, maana Chege hapendi kugawa kazi, amesimama katikati ya uwanja ameikumbatia ile sahani moja ya chuma kifuani kama mtoto wa kubatizwa, rangi mbichi ya kijani imemganda vidoleni, anasema, "Jameni, tusikizane, tusikizane kidogo," na hakuna anayemsikiza, kwa sababu Keynan naye amesimama, Keynan kaka yake Idil, mpinzani wangu wa leo, na anasema kwa ile sauti yake ya dukani isiyopanda wala kushuka, "Hakuna mtu ananyang'anya mtu, dada, sisi tunasoma hesabu tu, hiyo ni kilo mia moja arobaini na tano, wallahi hata wewe unajua," na Triza anamjibu, "Nijue nini mimi, mimi nimeona bendera nyeupe, bendera ikipanda imepanda," na kusema kweli hata mimi niliiona, kitambaa cha meza kimefungwa kwenye mti wa fagio, kikapanda, watu wakapiga makofi, Triza akanirukia shingoni, na kwa muda wa kuvuta pumzi chache hivi nilikuwa mwanamke aliyenyanyua kilo mia moja na hamsini, halafu Chege akaanza kupakua chuma na mkono wake ukajua kabla ya kichwa, akasimama, akaipima ile sahani kwa kiganja, akaenda upande wa pili akapima mwenzake, na uso wake ukaanguka, angekuwa mwongo kidogo Chege, kidogo tu, angeirudisha kwenye rafu akafunga mdomo, lakini Chege ana uso kama dirisha lisilo na pazia, na Keynan alikuwa pale pale kando, mtu wa kuuza vitambaa, jicho lake linaona nusu mita iliyopungua kutoka mlangoni, akasema, "Kocha, hiyo si ishirini, hiyo ni kumi na tano," na kimeumana hapo… na yote haya ni kwa sababu ya rangi, rangi ya geti, jana Chege alibakisha debe la kijani baada ya kupaka geti la jimu na akaona huruma kulimwaga, akapaka vyuma vyote, kila sahani, mbele na nyuma, ili wageni wa kutoka Buruburu wasiseme Umoja tunanyanyua kutu, akafunika nambari zote, na alipoulizwa asubuhi atazijuaje akacheka akasema, hizi nimezinunua mwenyewe Kariobangi moja moja, nazijua kama watoto wangu, na sasa tazama, baba hawajui watoto, ishirini na kumi na tano zinatofautiana unene wa kidole tu, na kwa rangi mbichi inayong'aa juani hata huo unene hauonekani, upande wa kulia akaweka ishirini tatu na tano, upande wa kushoto akaweka ishirini mbili, kumi na tano moja, na tano, kilo tano zimepungua upande wa kushoto, na mimi ndimi niliyekuwa nimekishika hicho chuma…

Ndiyo maana kilipinda, sasa naelewa, chuma kilitoka chini kushoto kwanza, mkono wa kulia ukabaki nyuma unaburuta, na katika ule wakati wote, chuma kikiwa chini ya goti, damu imejaa masikioni, nilifikiri nini, nilifikiri ni mimi, nilisema moyoni, Kaluki, umejipinda, mkono wa kulia umelala, kaza kwapa, ngoja, usikimbie, nikangoja, nikakaza, kikanyooka, kikapanda, na kama mtu angeniambia mwaka jana kwamba siku moja nitashika kitu kilicho na kosa halafu nijilaumu mwenyewe ningemcheka hadi mbavu zikaniuma, mimi, ambaye nimelaumu chuma, nimelaumu chaki, nimelaumu sakafu, niliwahi kulaumu viatu nikanyanyua peku, nikalaumu baridi ya sakafu, na siku moja, kilo mia na arobaini na mbili na nusu zilipokataa mara ya nne, nilikipiga chuma teke, kidole gumba kikafura kama kiazi kitamu na nikauza sokoni wiki mbili nikiwa na patipati mguu mmoja na buti mguu mwingine, wateja wakiniuliza kumetokea nini nikawaambia gunia limenidondokea, uongo wa pekee niliowahi kuuza Muthurwa… maana mimi siuzi uongo, hilo hata adui zangu watalisema, na adui ninao, pale sokoni kuna watu wanaouza lumbesa, gunia likijaa linashonewa kofia ya wavu juu, viazi vinapangwa kwenye kofia hadi gunia linakuwa kama mtu amebeba mtu, na bado linaitwa gunia moja, mkulima analipwa gunia moja, na mimi nimekataa, gunia langu ni kilo hamsini na mizani iko hapo mlangoni, njoo upime, nimepoteza wateja kwa hilo, nimerushiana maneno na dalali mmoja hadi tukatenganishwa na wauza vitunguu, na Triza aliyenipazia sauti upande wangu siku hiyo ndiye huyu huyu sasa anayesema, "Refa, hata kama ni mia moja arobaini na tano, kosa ni lenu, nyinyi ndio mmepakia, yeye ameitisha mia na hamsini, mkimpa pungufu ni shida yenu, kwenye hoteli ukiitisha nyama kilo na wakuletee nusu utalipa kilo?" na mtu nyuma anacheka, "Lakini huyu anataka alipwe kama amekula kilo, mathe!" na watu wanaangua kicheko, na Triza anageuka, "Wewe nyamaza, wewe hata ndoo ya maji unabebewa na watu," na nampenda Triza, sina rafiki mwingine anayeweza kugombana kwa ajili yangu akiwa ameshika chapati mkononi, lakini huo mfano wa nyama umenichoma mahali, kwa sababu umenikalia vibaya, kuna kitu ndani yake kimegeuzwa juu chini na sijui ni kipi…

"Kwa kanuni," anasema Chege, na mimi najua hana kanuni, kanuni za Chege zimeandikwa kichwani mwake na zinabadilika na hali ya hewa, "kwa kanuni wakilingana, mwepesi ndiye mshindi," na hapo wote tunamgeukia Idil, maana Idil ndiye mwepesi, hata bila mizani utajua, Idil amekaa upande ule mwingine chini ya hema, hijabu yake ya michezo imelowa jasho shingoni, anafungua bendeji ya mkono polepole, anaikunja, anaifungua tena, yeye alinyanyua mia na arobaini na tano yake mapema, safi, bila mbwembwe, miguu ameipanua kama anayetaka kuketi kwenye kigoda, kaka yake anamsemea, Triza ananisemea mimi, sisi wawili tuliobeba vyuma ndio mabubu… kwa hiyo kama ni mia na arobaini na tano Idil anachukua elfu kumi na tano zote, kama ni mia na hamsini nachukua mimi, elfu sita ingeenda kwenye kodi ya stoo na nyingine kwa meno ya mama, mama amekuwa akitafunia upande mmoja tangu Pasaka, anasema hana haja na meno, amezoea, nyama anaifyonza, na mimi namwangalia akifyonza nyama kwa heshima zake zote, Syombua aliyewahi kung'oa kifuniko cha soda kwa meno mbele ya wakwe, na najisikia kuvunja kitu… elfu kumi na tano si mchezo, ni kweli, Triza hajakosea hapo…

Lakini mia na arobaini, Mungu wangu, mia na arobaini nilikaa nayo kama mke aliyeolewa na mtu asiyezungumza, mwaka mzima karibu, Januari mia na arobaini, Juni mia na arobaini, kila Jumatatu na Alhamisi nafika jimu nimefunga kibanda, nimebeba magunia kutwa, napasha mwili haraka haraka halafu napakia mia na arobaini na mbili na nusu, nainama, navuta, haitoki, navuta tena, haitoki, natukana, naenda nyumbani, na Jumatatu tena, kwa sababu nilijifunza mwenyewe, kwenye simu, video za watu wenye shingo kama mapipa wakipiga mayowe, wanajichapa makofi usoni kisha wananyanyua, nami nikaona, ah, siri ni hasira, na hasira mimi sinunui, ninayo ya kuuzia wengine, basi nikawa najikumbusha mtu wa kunikasirisha kabla ya kuinama, dalali, askari wa kanjo wa kitambulisho cha kijani, shemeji yangu, nikikosa mtu namkasirikia Chege kwa sababu ya kupumua kwa sauti, halafu nakipokonya chuma kutoka sakafuni kama ninavyopokonya gunia, na hapo ndipo kosa lilipokuwa na sikuliona, kwa sababu sokoni ni sawa, gunia la viazi halina mshikio, limelala, limelegea, ukilivuta polepole linakumwagikia tu mikononi, lazima ulishtue, ulikumbatie, mgongo upinde kama upinde wa mvua, ulirushe begani kabla halijajua, wabebaji wote wa Muthurwa wanabeba hivyo, baba zao walibeba hivyo, nami nikiwa msichana nilijifunza kwa kuwatazama, na ukishabeba magunia miaka kumi na mitano mwili wako haujui namna nyingine ya kuinama…

"Basi tugawe," anasema Chege, na uso wake umepata nuru ya mtu aliyepata wokovu, "tugawe katikati, saba na nusu huku, saba na nusu kule, kila mtu aende nyumbani na amani, picha tupige pamoja, Umoja na Buruburu, si ndio?" na kuna minong'ono ya kukubali, watu wanapenda kugawa, jua nalo linapungua na kuna nyama choma inangoja, na Keynan anakuna kidevu, naona anapiga hesabu, na Triza ananigeukia, ananiinamia, harufu ya chapati na mafuta ya nazi, "Kaluki, saba na nusu, chukua, wewe sema ndiyo, huyu kijana wa vitambaa akikataa itakuwa yeye ndiye mbaya," na ni akili nzuri, Triza angekuwa wakili, saba na nusu ni stoo imelipwa na jino moja la mama limepatikana… "Ngoja," namwambia, "Ningoje nini?" ananiuliza, "Ngoja tu," na ananitazama kama nimeongea Kichina, kwa sababu mimi si mtu wa ngoja, ngoja si neno langu, ni neno la Idil…

Ni yeye, ndiyo, ndiye aliyenipa hilo neno, ule mwezi ambao jimu yao Buruburu ilikuwa inatengenezwa paa na wao wakaja kufanyia mazoezi kwetu, nilikuwa nimenuna kuwaona, wageni wakitumia chaki yetu, na jioni moja nimekivuta chuma mara tatu kimekataa, nimesimama natweta, akaja na chupa yake ya maji, akasimama kando, akaniita dada kwa Kisomali, "Abaayo, naweza kusema kitu?" nikamwambia sema, kwa ile sauti yangu ya kusema usiseme, akasema, "Wewe unakikasirikia, na chenyewe hakijakukosea," nikamwambia, "Msichana, mimi nabeba kilo hamsini mgongoni tangu wewe ukiwa kwenye nepi," akasema, "Ndiyo, naona, unakibeba kama gunia," na akaondoka zake bila kunisubiri nimjibu, na nilikasirika sana, nililala nimekasirika, niliamka nimekasirika, nilimwambia Triza, unasikia huyo mtoto anavyonijibu, na Triza akasema, mimi nitakupiga video tuone, ukweli wako wa mizani uko wapi, na akanipiga video kwa pembeni, nikajiona… nani yule, nyonga zinapanda kwanza kama punda anayeamka, mabega yamebaki chini, chuma kimeenda mbele mbali na miundi, na mgongo, mgongo wangu mwenyewe, umepinda kama wa mtu anayetafuta shilingi chini ya kitanda, na kitu kingine ambacho nisingekiona kamwe bila ile simu, sahani zetu hizi za Kariobangi zimetobolewa tundu kubwa kuliko chuma chenyewe, chuma kinacheza ndani yake, kuna pengo, ukikipokonya kinapanda peke yake kwanza, unene wa kidole, kisha kinagonga ukingo wa tundu, ngwa, na ule mgongano wote unarudi kiunoni mwako, nilikuwa najipiga nyundo mgongoni kila Jumatatu na Alhamisi halafu najiuliza kwa nini sina nguvu…

Nikaanza tena chini, na hilo liliniuma kuliko kidole gumba, kilo tisini, mbele ya watu, Kaluki na kilo tisini, mzee mmoja mwembamba anayekuja jimu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari akanitazama kwa huruma, lakini nilishika, nikajaza tumbo hewa hadi mkanda ukalia, nikakaza kwapa kama nimebana pochi kwenye umati wa Muthurwa, halafu, hapa ndipo kazi ilipo, kabla ya kunyanyua nikavuta kidogo tu, kidogo, hadi chuma kiguse ukingo wa tundu, tik, husikii kwa sikio, unasikia kwa vidole, na pale unangoja, umebeba na hujabeba, kila kitu mwilini kinataka kwenda na wewe unakiambia bado, kisha hukivuti, unaisukuma sakafu kwa miguu, unaisukuma kama unataka kuizamisha, na chuma kinakuja chenyewe kimekwaruza muundi hadi gotini, taratibu, bila kelele… na mwanzoni sikuweza ile ngoja, nilikuwa nahesabu moja na tayari nimeshapokonya, Idil akipita anasema "Ngoja" bila hata kusimama, nami natamani kumrushia chaki, wiki baada ya wiki, tisini, mia, mia na kumi nikikisimamisha gotini na kukishikilia pale, na nikaacha kujaribu uzito mkubwa kila siku, nikaacha kuja jimu siku za magunia mengi, nikalala, nilikuwa sijui kwamba kulala ni mazoezi, na mama akauliza kama ninaumwa… na ajabu ni kwamba nilianza kubeba hata sokoni tofauti, nikawa naliamsha gunia kwanza, nalisimamisha, nalipata, kisha ndio nalichukua, wabebaji wakanicheka, mama anabembeleza viazi…

"Hiyo saba na nusu mimi siipokei," anasema Keynan, amemaliza hesabu yake, "si kwa ubaya, kocha, lakini dada yangu amebeba halali yake, mwepesi ndiye mshindi, wewe umesema," na Triza anafoka, "Sasa unaona, unaona tamaa," na Keynan anasema, "Mwenye tamaa ni nani, nani anataka kulipwa kilo ambazo hajabeba?" na hapo, hapo ndipo kile kilichokuwa kimenikalia vibaya kinageuka na kukaa wima, kilo ambazo hajabeba, ni lumbesa, ni lumbesa yenyewe, jina moja na uzito mwingine, mia na arobaini na tano imeshonewa jina la mia na hamsini, na mimi nimekaa hapa nimenyamaza nikingoja watu waniuzie… nanyanyuka nusu, nakaa tena, natafuta hasira yangu, naitafuta kweli, kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta ufunguo mlangoni, kwa sababu Keynan amenitukana, amesema mbele ya watu wote, na mwaka jana ningekuwa nimeshafika kwake, lakini haipo, hakuna kitu, mahali pake pako wazi na pana utulivu unaonitisha, na hofu yenyewe inatokea hapo, si ya pesa, ni hii, nitanyanyuaje bila hiyo, kama watanirudishia zamu yangu na vyuma vyote viwe kamili, ishirini kwa ishirini, na mwili umechoka, nitachota wapi…

Lakini hata ile sikuichota kwa hasira, nakumbuka sasa, ile ya dakika chache zilizopita, nilipoinama sikumkumbuka dalali, wala shemeji, sikumkumbuka mtu, nilisikia tik, ikaja upande mmoja kabla ya mwingine, tik… tik, mbili badala ya moja, na badala ya kupokonya niliingojea ile ya pili, nilikingojea chuma kilichokosewa kinifikie, nikakinyoosha njiani, kilo mia na arobaini na tano zilizopinda, kwa mkono wa kulia uliobeba zaidi ya haki yake, na nilikuwa na akiba, naapa, nilipofika juu nilikuwa na akiba, niliweza kupumua, sijawahi kupumua juu, kila mara nikifika juu naona nyota, leo niliona watu, nilimwona Chege akitafuta fimbo ya bendera… watu husema nambari si kitu, cha maana ni afya, waambie hao, nambari ni kitu, nimeitaka hiyo mia na hamsini mwaka mzima, nimeiota, lakini nikiichukua hivi nitaenda nayo wapi, nitaiweka wapi, Jumatatu nitapakia chuma nijue kwamba sijui, nitarudi kwenye kujiuliza, na mtu akiniuliza unanyanyua ngapi nitasema mia na hamsini na moyoni kutakuwa na ule unene wa kidole uliokosekana… na hata ile mia na arobaini na tano hawajanipa, maana mimi sikuiitisha, niliitisha mia na hamsini, nilisimama mezani nikasema kwa mdomo wangu, na wakaniwekea kitu kingine, sasa ninachodai ni nini, si pesa, pesa bado si yangu wala ya Idil…

"Kama ni kurudia," anasema Chege, kana kwamba amenisikia ndani, anapangusa jasho kwa kiganja na kujiachia mstari wa kijani kwenye paji la uso, "mtu anaweza kurudia, kosa ni letu, lakini akirudia, hii imefutwa, jameni, nasema mapema, imefutwa kabisa, akishindwa anabaki na mia na arobaini yake ya zamu ya kwanza, na kugawa hakuna," na Triza anasema, "Arudie! Amechoka, amekaa robo saa mwili umepoa, mnataka avunjike mgongo ndio mfurahi?" na ni kweli mwili umepoa, kiuno kimeanza kukaza, naweza kukihisi, na nikishindwa sina stoo wala jino, na nitaingia nyumbani mama aniulize imekuwaje nami nimwambie nilikuwa nayo mkononi nikairudisha, na atanitazama kwa ule mdomo uliobonyea upande, na pengine atasema umefanya vizuri na pengine atasema wewe ni mjinga kama baba yako Ndambuki, aliyekuwa akirudisha chenji iliyozidi hadi kwa makanga… "Mwacheni aseme mwenyewe," anasema mtu, si kwa sauti, na uwanja unatulia kwa namna ambayo Chege ameitafuta muda wote huu na hakuipata, ni Idil, hajainua kichwa, bado anakunja bendeji, "Nyote mnaongea, mbona hamumuulizi yeye," na kaka yake anasema, "Idil, nyamaza kidogo," naye anasema, "Nyamaza wewe, Keynan, chuma hukukibeba," na mtu anapiga mluzi, na Idil ananitazama, si kwa urafiki, sitadanganya, ananitazama kama mtu aliye na kitu mkononi na anajua kinaweza kutoka, zikirudi mia na hamsini kamili nikazibeba basi amepoteza zote na anajua, na bado amenifungulia mlango, na natambua kwamba simchukii, na natambua pia kwamba nataka kumshinda, nataka kumshinda sana, lakini nataka ajue ameshindwa na nini, kilo kwa kilo…

Triza ananishika bega, "Usifanye ujinga, saba na nusu bado tunaweza kuipigania, huyu Chege nitamlainisha," na mkono wake ni wa joto, na Keynan amekunja mikono, na Chege ameikumbatia sahani, hakuna aliyesogea hatua moja tangu niketi, chuma kiko pale pale mkekani kimepakuliwa nusu, kimeinama upande, na mimi naanza kukaza mkanda, tundu moja, nalipita la kawaida, lile la ndani zaidi, najaza tumbo hewa ili niusikie, na mambo ya kusema yananijia mengi, ya Chege na rangi yake, ya Keynan na kitambaa chake, matusi mazuri ambayo nimeyatunza muda mrefu, yanapanga foleni mdomoni, nami nayangoja yapite, nayaangalia yakipita moja moja, na nasimama, magoti yanalia, na nasema, bila kupaza sauti, mpaka Chege anainamisha kichwa ili anisikie:

"Chege, mimi niliitisha mia na hamsini na hamkunipa. Leta mizani, pima kila sahani mbele ya hawa watu, upakie kamili. Nataka zamu yangu."